Udhuru wa Udanganyifu: Milango ya Fahamu na Kukesha katika Historia ya Bonde la Kilombero

Utangulizi

Wakati wa masika mto Kilombero hufurika, na sehemu kubwa ya bonde lililo kati ya milima ya Udzungwa na miinuko ya Mahenge huwa kama ziwa. Mgeni atazamaye maji hayo huona utulivu, na huona magogo yakielea. Mvuvi mwenyeji hutazama mara ya pili kabla ya kutia mkono majini, kwa kuwa anajua kwamba gogo na mamba hufanana. Macho ya mvuvi si makali kuliko ya mgeni. Tofauti yao ni kwamba mvuvi anajua jinsi macho yake yawezavyo kumponza.

Katika makala hii tunakusudia kutafakari jambo hilo kwa kutumia historia ya bonde lenyewe, hasa mji wa Ifakara na vijiji vinavyouzunguka. Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wake kukesha, na Kanisa limelirudia agizo hilo katika kila kizazi. Lakini tumezoea kulieleza kana kwamba kukesha ni kuyafumbua macho zaidi. Historia ya Kilombero inatufundisha kwamba mtu aweza kuyafumbua macho yake sana na bado akadanganyika.

Habari ya Isaka katika Mwanzo 27 itatusaidia kuanza. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia. Alipapasa mikono iliyovikwa ngozi ya mwana-mbuzi, akanusa mavazi, akala chakula, na vyote vikamwambia kwamba aliyesimama mbele yake ni Esau. Sikio peke yake lilimwambia kwamba sauti ni ya Yakobo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Isaka alikosa ushahidi. Alikuwa nao, aliutamka kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akauweka kando. Hapo ndipo palipo na swali letu: ni kitu gani humfanya mtu auweke kando ushahidi alio nao?

Maji ya mwaka 1905

Si haki kuanza habari ya Maji Maji bila kutaja mzigo uliowalemea watu. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Tangu mwaka 1902 watu wa sehemu za pwani na kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamoja ya pamba, huku viboko vya maakida vikiwa ndivyo mshahara walioujua zaidi. Watu waliokandamizwa kiasi hicho walitamani ukombozi, na tamanio hilo lilikuwa la haki.

Katika hali hiyo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alianza kutoa dawa. Ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, na ilisemwa kwamba risasi za Wazungu zitageuka kuwa maji. Habari zilipita kwa mnong'ono kutoka mtu hadi mtu. Katika Umatumbi mnong'ono huo uliitwa njwiywila. Wazee wetu wana methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mnong'ono uliokutana na tamanio ulipata nguvu kuliko tarumbeta.

Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 kwa kung'olewa kwa mashina ya pamba huko Nandete. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kutembea. Katikati ya mwezi huo huo wapiganaji waliishambulia boma ndogo ya Ifakara na kuwaangamiza askari waliokuwamo. Njia ya kwenda Mahenge ikawa wazi.

Tunaomba msomaji atue kidogo hapa. Wapiganaji wa Ifakara waliona nini? Waliona boma limeanguka na adui amelala chini. Macho yao hayakuwadanganya hata kidogo. Lakini bila shaka wapo walioona katika ushindi huo uthibitisho wa maji. Kikosi kilikuwa kidogo na washambuliaji walikuwa wengi, na sababu hiyo ilitosha. Jicho lilileta habari ya kweli. Moyo ukaiongezea maelezo uliyoyatamani.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge. Humo mlikuwa na bunduki mbili za rashasha. Walioshuhudia kutoka ndani ya boma walistaajabia jinsi safu zilivyoendelea kusonga mbele huku watu wakianguka. Mamia walikufa siku ile. Hao hawakuwa wajinga, wala hawakuwa waoga. Ushujaa wao ni sehemu ya urithi wa taifa letu, na hatuna ruhusa ya kuwacheka.

Lakini tuna wajibu wa kuuliza ni kwa nini imani katika maji haikufa pale watu wa kwanza walipoanguka. Jibu linajulikana. Dawa ilikuja na masharti: mpiganaji asipore mali, ajitenge na mwanamke, ashike miiko mingine kama alivyoagizwa. Basi aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa amevunja mwiko. Maiti iliyolala mbele ya macho ya watu haikuwa tena ushahidi dhidi ya maji, bali ilikuwa ushahidi dhidi ya marehemu. Huu ndio tunaouita udhuru wa udanganyifu. Fundisho lilijizungushia ukuta kiasi kwamba hata kifo hakikuweza kulisahihisha.

Wala tusidhani kwamba udhuru ulikuwa upande mmoja tu. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeongoza serikali wakati wa vita, alichapisha kitabu juu ya maasi hayo mwaka 1909, na ndani yake alitilia mkazo sana ushawishi wa waganga. Pamba na viboko vilikuwa mbele ya macho ya serikali yake kila siku. Lakini ni vyepesi zaidi kwa mtawala kusema kwamba raia wamerogwa kuliko kukiri kwamba wameonewa. Gharama ya upofu huo ililipwa na wengine. Serikali ya Kijerumani ilitoa hesabu ya vifo 75,000. Mwanahistoria wa Kitanzania Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Hewa, mbu na vijidudu vilivyofichwa

Adui mwingine aliliandama bonde hili kabla ya vita na baada yake. Ugonjwa wa malaria ulipewa jina hilo na Waitalia, na maana yake ni hewa mbaya. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba homa hutoka katika harufu ya vinamasi. Pua ilikuwa shahidi wao, na kwa sehemu ilisema kweli, maana palipo na kinamasi homa huwa nyingi. Mwaka 1880 Alphonse Laveran alikiona kimelea cha malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria, na mwaka 1897 Ronald Ross alikiona ndani ya mbu huko India. Pua iliwapeleka watu karibu na mlango, kisha ikawaonyesha mlango usio wenyewe.

Hata baada ya mbu kujulikana, fahamu zetu zimeendelea kutuponza. Mbu anayetuudhi ni yule anayevuma sikioni na kuacha uvimbe unaowasha. Watu wengi humwogopa huyo, lakini mara nyingi si yeye aletaye malaria. Anofelesi huja kwa unyamavu zaidi. Aina zake zilizoliumiza bonde hili tangu zamani zilipendelea kuuma ndani ya nyumba, usiku wa manane, wakati mtu yuko katika usingizi mzito. Utafiti uliofanyika katika kijiji cha Namawala na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba mkazi mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku hatari ilipita kitandani, na sikio halikuisikia. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha ipo habari ya degedege. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa, macho yakageuka juu, mwili ukatetemeka. Wazazi wengi wa pwani na wa mabonde yetu waliona katika hali hiyo kazi ya ndege au pepo aliyempitia mtoto juu, na walimkimbiza kwa mganga kabla ya kumfikisha hospitali. Walichokiona kilikuwa cha kutisha kwelikweli. Lakini maelezo yaliyoongezwa juu yake yaliwachelewesha, na malaria kali haimpi mtoto muda mrefu.

Watafiti waliozungumza na wakazi wa Ifakara katika miaka ya 1990 walikutana na jambo linalostahili kutafakariwa na kila mchungaji. Wakazi wengi walijua vizuri kwamba malaria huletwa na mbu. Mafundisho ya afya yalikuwa yamewafikia. Lakini damu ilipopimwa na vimelea visionekane, au dawa isipoponya, wapo waliosema kwamba mchawi amevificha vimelea ili darubini isivione, au ametengeneza malaria ya uongo. Tazama jinsi elimu mpya ilivyopokelewa na kutiwa ndani ya ukuta wa zamani. Darubini ikionyesha vimelea, ni malaria. Isipoonyesha, ni uchawi. Hakuna jibu la darubini ambalo lingeweza kumwondolea hatia jirani mzee aliyekwisha kushukiwa. Ni udhuru ule ule wa mwaka 1905, umevaa koti jeupe la maabara.

Wataalamu waliojifunga macho

Tangu miaka ya 1950 Ifakara imekuwa na kituo cha utafiti, kilichoanzishwa na Rudolf Geigy wa Basel kama maabara ndogo ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki, na ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Katika kijiji cha Idete, kati ya mwaka 1993 na 1994, ilijaribiwa chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 walishiriki.

Namna ya jaribio hilo ni somo kwetu. Baadhi ya watoto walipewa chanjo na wengine walipewa sindano isiyo na chanjo, wala mama, muuguzi au daktari aliyempima mtoto hakujua ni yupi amepewa ipi. Kwa nini wasomi wajinyime habari muhimu kiasi hicho? Kwa sababu wanaijua mioyo yao. Daktari atamaniye chanjo ifanye kazi atauona uso wa mtoto aliyechanjwa kuwa mchangamfu zaidi, na hatasema uongo. Ataona hivyo kweli. Basi walijifunga macho ili tamanio lao lisiwatazamie.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: kinga ilikadiriwa kuwa asilimia 31. Ilikuwa habari ya furaha kwa bara zima. Lakini watafiti hawakuficha kwamba kwa idadi ile ya watoto kinga halisi ingeweza kuwa asilimia 52, na pia ingeweza kuwa sifuri. Majaribio yakarudiwa Gambia na Thailand, na kinga haikuonekana. Yakarudiwa kwa watoto wachanga katika bonde hili hili la Kilombero, yakachapishwa mwaka 1999, na huko nako kinga haikuonekana. Chanjo iliachwa. Hakuna aliyesema kwamba watoto wa Gambia walivunja miiko.

Kuachwa kwa tumaini lile hakukuwa mwisho wa kazi. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kuanzia mwaka 1996, ulianzishwa mpango wa kusambaza vyandarua vyenye dawa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Taasisi ile ile ya Ifakara ilishiriki baadaye katika majaribio ya chanjo nyingine, RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Wasingalifika huko kama wangaling'ang'ania furaha ya mwaka 1994.

Kikombe cha nyumbani mwetu

Msomaji asidhani kwamba tunawaandika babu zetu na majirani zetu tu. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, aliwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi iliyochemshwa, kwa shilingi 500, akisema kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Ilisemwa kwamba inaponya kisukari, shinikizo la damu na hata UKIMWI. Maelfu kwa maelfu walisafiri kutoka mikoa yetu na nchi jirani. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Walikunywa wakulima na mawaziri, Wakristo na Waislamu, nao baadhi ya viongozi wa Kanisa waliunga mkono. Mchungaji huyo alifariki mwaka 2021.

Hatuandiki ili kumhukumu mtu aliyekwisha kwenda mbele za Bwana wake, wala hatusemi kwamba alikusudia ubaya. Lakini hatuna budi kusema yaliyotokea. Wagonjwa kadhaa walifariki wakiwa njiani au katika foleni. Wapo walioacha dawa za hospitali. Uponyaji uliotangazwa wa magonjwa hayo haukupata kuthibitishwa kwa vipimo. Wengi walisema kwamba wamesikia nafuu, na hatuna shaka kwamba walisikia. Mwili wenye tumaini husikia nafuu. Na udhuru nao ulikuwapo tayari: dawa ilisemwa kuwa na nguvu ikitolewa kwa mkono wake tu, na asiyepona alidhaniwa na wenzake kuwa na upungufu wa imani.

Miaka 106 ilikuwa imepita tangu Mahenge. Tulikuwa na vyuo, hospitali, magazeti na maaskofu. Sisi wenyewe tulioajiriwa kufundisha juu ya kuzipima roho tulikuwa na nafasi ya kusema mapema na kwa upole, na wengi wetu tulinyamaza, tukingoja tuone umati utaelekea wapi.

Tomaso na mlango ulio wazi

Hapa mtu aweza kutuuliza: je, imani ya Kikristo si ya namna hiyo hiyo? Si nasi tunaamini tusiyoyaona? Swali hili ni la haki, na tusilikimbie.

Tunajibu kwa kumtazama Tomaso katika Yohana 20. Alikataa kuamini bila kuona na kugusa. Bwana aliyefufuka angeweza kumwambia kwamba amevunja mwiko na kumwacha nje. Hakufanya hivyo. Alimjia, akamwonyesha alama, akamkaribisha aguse. Alimwambia ukweli kwamba heri ni ya wale waaminio bila kuona, lakini hakumfungia mlango. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 15, aliorodhesha mashahidi, na akakiri waziwazi kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Huyo ni mtu asiyejizungushia ukuta.

Wala Injili haituahidi kwamba waaminio hawataangushwa na risasi au na homa. Katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518 Luther alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Ya kwanza humtafuta Mungu katika yale yang'aayo na yashindayo, na hivyo huishia kuita ubaya wema. Ya pili humtafuta pale alipojificha, katika udhaifu na mateso ya Kristo, na kwa sababu hiyo haina haja ya kuficha maiti wala kumlaumu marehemu. Mwenye kuamini msalaba aweza kusema kwamba mtoto huyu amekufa, kwamba chanjo hii haikufaa, kwamba Kanisa letu lilikosea, na imani yake isianguke.

Hitimisho

Kwa hiyo kukesha ni nini? Tumeona kwamba milango ya fahamu mara nyingi hutuletea habari za kweli, na kwamba hatari kubwa imo katika maelezo ambayo moyo huyaongeza na katika udhuru ambao huyalinda yasisahihishwe. Mkesha wa kiroho ni kujiuliza, mbele za Mungu na mbele ya ndugu: ni jambo gani likitokea litanifanya nikiri kwamba nilikosea? Yeye asiyeweza kulijibu swali hilo juu ya nabii wake, dawa yake au maono yake, amekwisha kulala, hata kama anaimba usiku kucha.

Lakini tusiligeuze neno hili kuwa mzigo wa kutolala kabisa. Wanafunzi walilala Gethsemane, na sisi tutalala. Wakazi wa Namawala hawakuokolewa na masikio makali zaidi. Waliotundika chandarua jioni, wakati bado wana akili timamu, kilikesha kwa ajili yao usiku. Vivyo hivyo katekisimu tuliyofundishwa utotoni, sala ya jioni ambayo Luther aliiweka katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ungamo la dhambi, na ndugu mwenye ruhusa ya kutuambia kwamba tumepotea, ni vyandarua vinavyotundikwa kabla ya giza. Na kama watafiti wa Ifakara wajuavyo, mbu hubadili tabia. Leo wapo wanaostahimili dawa, na wapo waumao jioni kabla watu hawajaingia ndani. Chandarua cha jana lazima kikaguliwe tena leo.

Mvuvi wa Kilombero hutazama gogo mara ya pili, naye huwa amemwachia mwenzake katika mtumbwi ruhusa ya kupiga kelele. Kanisa lililo katika bonde lile, na sisi tunaolitumikia mahali pengine, tuombe neema ya kutazama mara ya pili, na neema iliyo kubwa zaidi ya kutomnyamazisha yule apigaye kelele.